Hofu ya Dereva: Je, Ni Upungufu wa Imani?

Imezoeleka katika mabaraza ya miji yetu ya pwani kwamba dereva wa lori akisema ya kuwa hushikwa na hofu barabarani, hujibiwa kwa moja katika maneno mawili. Wa kwanza humwambia, "Wewe si mwanamume." Wa pili, naye hujiona ni mcha Mungu kuliko mwenziwe, humwambia, "Imani yako ni haba. Lau ungalimtegemea Mola wako usingaliogopa." Akishaambiwa hayo mtu huyo hunyamaza, akapanda lori lake, akaenda zake. Hakupoa wala hakupona. Amefundishwa kuficha tu.

Katika darsa yetu tuliona kuwa maneno haya yapasa kupimwa, kwani si maneno madogo. Wanaoendesha malori kutoka bandari ya Mombasa ni ndugu zetu na jirani zetu, watu wa Changamwe na Jomvu, wa Mikindani na Miritini, wa Mazeras na Mariakani. Ni kweli kwamba reli mpya imechukua sehemu ya mizigo tangu mwaka 2018, na sote twakumbuka maandamano ya mwaka 2019 mjini Mombasa, serikali ilipotaka makontena yapande reli kwa amri. Lakini lori halikuondoka barabarani, na nyumba nyingi za miji yetu bado hulala na kuamka kwa safari zake. Basi mtu akisema kwamba hawa ni waoga au ni wenye imani pungufu, amesema neno zito juu ya watu wengi, na yampasa alete hoja.

Nasi twasema: hofu si moja. Njia ipandayo kutoka pwani hupita Nairobi na Nakuru hata ikafika Eldoret, na karibu na hapo hugawanyika. Mkono mmoja huelekea kaskazini, ukafika Kitale. Mkono wa pili huelekea magharibi, ukapita Webuye na Bungoma hata Malaba, kwenye mpaka wa Uganda. Mikono hii miwili ya njia imebeba hofu mbili zisizofanana, na mwenye kuzichanganya hawezi kuitibu hata moja.

Tuanze na Kitale. Huo ni mji wa mahindi, uliokaa baina ya mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na malori mengi hufika hapo, yakapakia magunia, yakarudi. Dereva wa namna hiyo hana kubwa la kumtisha ila utelezi wa mvua na ulevi wa wenziwe. Lakini kwa apelekaye chakula na bidhaa Lodwar, Kakuma, Lokichoggio na Sudan Kusini, Kitale ni kituo cha mwisho cha kuvuta pumzi. Kutoka hapo hata Lodwar ni karibu kilomita 300. Hupita Kapenguria, akateremka penye milima ya Marich, kisha akafika Kainuk, pale nchi ya Wapokot ikutanapo na nchi ya Waturkana, na sehemu hiyo imejulikana miaka mingi kwa watu wenye bunduki waviziao magari. Mwezi wa Juni mwaka 2018 serikali ilianza kusafirisha mafuta ghafi kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa kwa njia hiyo hiyo. Kabla mwezi haujaisha wenyeji wa Turkana waliyazuia malori yale, na katika madai yao lilikuwamo hili la usalama, hata safari zikasimama mpaka Agosti. Ikiwa aliyezaliwa hapo aona kuwa njia si salama, atalaumiwa vipi mtu wa Jomvu? Na mbele ya mpaka mambo si mepesi: mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda walikataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa katika njia za nchi ile, wakasimamisha malori mpakani wakidai ulinzi.

Hofu ya mtu kama huyo ni upungufu wa nini? Ameona kitu kilichopo, akakiita kwa jina lake. Hofu hiyo ni akili, na asiyekuwa nayo hapo Kainuk ndiye wa kuogopwa. Wala dini yetu haikumtaka mtu aikanushe. Nabii Musa, amani ya Mungu iwe juu yake, alitoka Misri naye ana hofu; fimbo yake ilipogeuka nyoka alikimbia; na kamba za wachawi zilipotupwa aliihisi hofu nafsini mwake; na utume wake haukupungua kwa hayo. Tena iko katika sharia sala ya khofu, ambayo kundi moja husali na kundi jingine likashika silaha na kulinda. Angalieni maana yake. Hata katika kusimama mbele ya Mola wao, watu hawakuamrishwa wajifanye kana kwamba adui hayupo. Walipangiwa zamu.

Kwa hiyo dawa ya hofu ya Kitale iko nje ya kifua cha dereva. Ni msafara wa malori mengi, ni askari wa kusindikiza, ni kutokwenda usiku, ni habari za njia kutoka kwa aliyerudi jana. Asiyempa dereva mambo haya, kisha akamhubiria tawakkul, ameigeuza dini kuwa ulinzi wa bei rahisi. Kila mtoto wa chuoni akijua kisa cha yule bedui na ngamia wake, aliyeambiwa na Mtume amfunge kwanza ndipo ategemee. Twastaajabu kwamba kisa hiki husomewa dereva peke yake. Mwenye lori aliyefunga tairi kuukuu ndiye aliyemwacha ngamia bila kamba, naye hulala nyumbani kwake.

Ama hofu ya Bungoma ni jambo jingine, na ndiyo iliyotushughulisha zaidi.

Bungoma hakuna bunduki. Ni nchi ya miwa na mahindi, watu wake ni wakarimu, misikiti ipo, chakula kipo. Dereva aliyefika hapo amekwisha kupita miteremko ya Salgaa na Sachangwan, amepita Timboroa na ukungu wake, amepita mizani ya Webuye, na kutoka hapo hata Malaba ni mwendo mfupi. Alistahiki kustarehe. Lakini ni hapo hasa, lori likiwa limesimama, ambapo moyo huanza kwenda mbio.

Sababu yake ni foleni. Malaba ni mlango mwembamba, na mizigo ya Uganda, Rwanda, Kongo ya mashariki na Sudan Kusini yote yataka kupenya hapo. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, Uganda ilianza mwezi wa Aprili kuwapima madereva mpakani, majibu yakachelewa, na mstari wa malori ukarefuka makumi ya kilomita hata mkia wake ukafika Bungoma. Watu walilala siku kadha wa kadha kando ya njia, bila choo, bila maji ya kutosha, na wakazi wa njiani wakawaogopa kwa sababu ya maradhi. Mwezi wa Januari mwaka 2022 mambo yakarejea, madereva walipokataa kulipia kipimo hicho mpaka sharti likaondolewa. Hiyo ilikuwa miaka mibaya, twakubali. Lakini hata katika mwaka wa kawaida mtu hukaa hapo akisogea gari moja, akazima injini, akawasha, akasogea tena.

Sasa mtazameni mtu huyo. Mikono yake haina kazi, na kichwa chake chafanya kazi ya mikono. Ahesabu siku alizopoteza na pesa za njiani zilizobaki. Simu yalia: mwenye lori ameona katika chombo cha kufuatilia gari kuwa limesimama, ataka kujua kwa nini. Chombo kile husema lori liko wapi. Hakisemi dereva yu hali gani. Simu yalia tena, ni nyumbani, karo ya mtoto. Kisha akumbuka Sachangwan, ambako mwezi wa Januari mwaka 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 110. Akumbuka Londiani, mwezi wa Juni mwaka 2023, ambako lori lilishindwa kusimama likawaendea watu waliokuwa kando ya njia, wakafa zaidi ya 50. Dereva yule naye alikuwa ameshika usukani kama huu. Hapo kifua humbana, vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, akadhani kwamba afa. Atazama nje amtafute adui, haoni ila mwanamke auzaye mahindi ya kuchoma.

Hii hatuiiti hofu, kwani hofu ina kitu mbele yake. Hii ndiyo iliyo na haki ya kuitwa wasiwasi, na Waarabu, ambao neno hili tulilitwaa kwao, walikusudia unong'onezi: sauti ndogo isemayo nawe wala hapana mtu.

Matabibu wa leo huieleza hali hii kwa habari za mwili. Juu ya kila figo mna tezi ndogo. Akili ikihisi hatari, tezi hizo humwaga maji yake katika damu, moyo ukaenda mbio, pumzi ikafupika, misuli ikakaza, mtu akawa tayari kukimbia au kupigana. Ni neema kubwa kwa aliyekutana na simba. Lakini mwili hautofautishi baina ya simba na simu. Humpa aliyekaa kitini matayarisho ya mtu wa kukimbia, naye hana pa kukimbilia. Mambo haya hupanda upesi, mara nyingi katika dakika zisizozidi kumi yakafika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Hayaui. Kulijua hili peke yake humfaa mtu sana, kwani kiongezacho moto ni kule kuyaogopa yale mapigo ya moyo: mtu akawa aogopa kuogopa. (Bali mwenye maumivu ya kifua yasiyoondoka na aende hospitali upesi, asijitabibu kwa makala yetu.)

Wasidhani wasomaji wetu kuwa haya yameletwa na Wazungu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi, hali viwili hivi vimefungamana na kimoja kikiugua chenziwe hupata sehemu yake. Akaeleza hasira, na hofu, na huzuni, na wasiwasi, kila moja kwa mlango wake, kama tabibu aelezavyo homa na kuhara, si kama kadhi asomavyo makosa. Na shauri lake moja lafaa liandikwe ndani ya kila lori: kama mwenye busara awekavyo dawa nyumbani kabla hajaugua, vivyo hivyo aziweke akibani fikra za kumtuliza wakati ametulia, azitumie siku atakayoshikwa. Mtu hachimbi kisima hali nyumba yawaka. Tena alisema kuwa msaada wa nafsi ni wa namna mbili, wa ndani utokao kwa mtu mwenyewe, na wa nje utokao kwa mwenziwe. Neno hili la pili tutalirudia.

Na yuko Ghazali. Mwaka 1095, naye ni mwalimu mkuu katika Baghdad, ulimi wake ulizuilika hata hakuweza kusomesha, chakula kikawa hakimpiti kooni, na matabibu wakasema kuwa maradhi yameushukia moyo na kutoka huko yameenea mwilini. Habari hii aliiandika mwenyewe, hakuona haya. Basi ndugu yetu wa barazani amwambiaye dereva wa Mikindani kuwa wasiwasi ni alama ya imani haba, na atwambie kwanza asemaje juu ya Ghazali.

Yako mambo ambayo dereva hujiongezea mwenyewe, nasi hatutamficha. Kubwa lao ni miraa. Hatutaki hapa kurudia hitilafu ya wanavyuoni juu ya hukumu yake. Twasema habari ya mwili tu. Majani yale yana kitu kifanyacho kazi inayofanana na ile ya tezi tuliyoitaja: huamsha, hukimbiza moyo, huondoa njaa na usingizi. Mwenye kutafuna usiku kucha baina ya Nakuru na Webuye amejinunulia kwa pesa zake mapigo ya moyo yatakayomtisha Bungoma. Kisha usingizi ni mdai asiyesamehe, na aliyemdhulumu usiku tatu humkuta amekaa mbele yake, na mtu asiyelala huona kila jambo kubwa kuliko lilivyo. Kahawa nyingi na vile vinywaji vya makopo ni ndugu wa miraa. Vidonge vya kutuliza vinunuliwavyo bila daktari ni hatari nyingine, kwani huleta usingizi usukanini, na aliyevizoea haviachi ila kwa taabu. Ama hirizi ining'iniayo penye kioo, mwenyewe atuonyeshe ni nati gani iliyowahi kukazwa nayo.

Na yako yafaayo. Akishikwa akiwa mwendoni, alitie gari kando kwanza. Apumue polepole, na kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuivuta, kwani hilo huuteremsha moyo. Avitaje kwa sauti vitu avionavyo, mti, ng'ombe, bango la duka, hata akili irejee pale mwili ulipo. Asijizoeze kukimbia. Mtu aliyekataa kupita daraja la Kamukuywa leo kwa sababu ya wasiwasi, si kwa sababu daraja ni bovu, kesho atakataa na jingine, na keshokutwa hatatoka nyumbani. Na amwambie utingo wake. Wengi hukataa hili kwa haya, nao wasahau kwamba utingo ameketi pale pale, jasho ameliona na mikono itetemekayo ameiona. Lililobaki ni kumpa ruhusa ya kusema. Ikiwa hali yaendelea wiki kwa wiki, aende kwa wenye elimu yake: katika hospitali kuu ya rufaa ya Moi hapo Eldoret wapo wataalamu wa maradhi ya nafsi, na Mombasa iko Port Reitz. Shirika la North Star Alliance nalo lilifungua miaka iliyopita vituo vya afya ndani ya makontena, penye maegesho ya malori kama Mlolongo, Maai Mahiu na Salgaa. Fikra hiyo ilitupendeza, kontena kugeuzwa chumba cha kumtibu alibebaye.

Lakini tukikomea hapa tutakuwa tumemtwika dereva mzigo wote, na swali letu lilikuwa hofu hii ni aibu ya nani. Tufanye hesabu. Sheria ya barabara ya Kenya yamkataza mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kutoka Mombasa hata Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Lori lenye mzigo, pamoja na milima na mizani na misongamano ya miji, likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa limekwenda vizuri. Hizo ni zaidi ya saa 18. Ukizigawa kwa saa 8 za kila siku, mtu afika siku ya tatu. Basi mwenye lori aliyemwahidi mwenye mzigo kuwa utafika Malaba kwa siku mbili ameuza kitu. Hakuuza mafuta wala hakuuza lori. Ameuza usingizi wa mtu mwingine, na mwenyewe hakuulizwa bei.

Wanavyuoni wetu wana kanuni katika biashara kwamba faida hufuatana na dhamana: mwenye kuibeba hatari ya kitu ndiye mwenye haki ya tunda lake. Tuitie kanuni hiyo katika jambo letu. Faida ya haraka yagawanywa, mwenye mzigo apata yake, wakala apata yake, mwenye lori apata yake, na sisi tununuao dukani twapata yetu kwa kitu kufika mapema. Hatari yake yote imekaa katika kifua kimoja. Kisha kifua hicho kikidunda, waliogawana faida huinuka wakasema, imani yake ni haba.

Mwenye lori atajibu kuwa naye hudaiwa na benki, na kwamba akikataa siku mbili, jirani yake atakubali. Hatumkanushi. Wenye malori wengi ni watu wa lori moja au mawili, walioweka rehani walicho nacho, nao wana wasiwasi wao wa usiku. Lakini deni langu halinihalalishii mwili wa mtu mwingine. Na wakikutana wenye malori wa mtaa mmoja wakaafikiana kwamba hapana achukuaye mzigo wa siku mbili, hilo halihitaji serikali wala halihitaji mali. Lahitaji kikao kimoja baada ya sala ya isha.

Ama yule wa kwanza, asemaye "si mwanamume," jawabu yake iko kwa Miskawayh, mwanafalsafa wa maadili aliyefariki mwaka 1030, aliyefuata wahenga wa Kiyunani akaweka ushujaa katikati: upande mmoja woga, upande wa pili kuparamia. Mwenye kuvuka miteremko ya Salgaa usiku wa manane hali macho yafumba si shujaa katika hesabu hiyo. Ameanguka upande wa pili tu. Shujaa ni yule ainuaye simu akasema, "Nimechoka, nalala Burnt Forest," naye ajua kuwa atakemewa na huenda akafukuzwa. Twamwomba kila msomaji ajiulize ni mara ngapi amemsifu mtu wa namna hii.

Turudie sasa neno la Balkhi juu ya msaada wa nje. Wazee wetu waliijua nchi hii ya magharibi kabla ya lami. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika kwa Nabongo Mumia, si mbali na Bungoma ya leo, na Uislamu uliingia huko pamoja nayo. Hatuwasifu kwa yote, kwani pembe zilibebwa kwa mabega ya watu, na watu wenyewe waliuzwa. Tusemalo ni moja: msafara ulikuwa na kiongozi mbele na ngoma na kambi ya jioni, na aliyeogopa aliogopa miongoni mwa watu. Dereva wa leo ana redio, ana simu, ana chombo kizungumzacho na satelaiti, na ni mpweke kuliko mpagazi.

Na upweke huo sisi wa pwani tuliuonja. Mwezi wa Mei mwaka 2020, serikali ilipoufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa ajili ya korona, watu wasiingie wala wasitoke, tulijua ni nini kuwa mtu wa kuogopwa. Waliotusalimu jana walitukwepa leo. Katika siku hizo hizo madereva walikuwa wamelala katika foleni ya Malaba, nao waliitwa wabebaji wa maradhi katika kila mji waliopita. Tungalitazamia kuwa tukawaelewa kuliko watu wote. Waliporudi, wako waliokwepwa hata mitaani kwetu.

Lilibaki suala moja ambalo darsa yetu haikuafikiana, nalo twaliweka mbele ya wasomaji. Dereva ameshikwa na wasiwasi karibu na Bungoma, akaliacha lori kando ya njia, akapanda matatu akarudi kwao, na usiku mzigo ukaibwa. Je, atalipa? Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana: halipi kilichopotea ila akizembea au akivuka mpaka. Mmoja wetu alisema kuwa kuliacha lori bila mlinzi ndiko kuzembea kwenyewe, na simu alikuwa nayo. Mwingine alisema kuwa aliyezidiwa na nafsi yake ni sawa na aliyezidiwa na homa, na mwenye homa hahesabiwi kuwa mzembe kwa kuanguka. Wa tatu alitaka ajulishwe kwanza kama mtu huyo aliwahi kumwambia mwenye lori habari ya maradhi yake kabla ya safari, na alijibiwa nini. Kwani akiwa alisema, akachekwa, akapewa ufunguo, basi mwenye lori aliitoa amana yake naye ajua hali ya mkono aliouweka. Sisi tulio wengi twaelekea kauli hii ya tatu. Aliye na dalili ya kauli nyingine na atuandikie, nasi tutaichapa.